Droni imepiga picha za meli na AI inakudanganya: anza kuangalia hapa

Watu wakianza hii kazi ya kukagua meli kwa droni na kamera, kitu ya kwanza ikienda mrama wanasema ni modeli, ile programu ya AI inayosoma picha na kutafuta kasoro, wanakimbia kuifundisha upya, wanachoma bando na umeme wiki nzima na inarudi vilevile. Mimi naona shida nyingi zinaanza kabla picha haijafika kwa laptopu: taa, umbali, uchafu, maji. Modeli inakula chenye umeipa. Nimepanga kulingana na dalili, venye mafundi na vijana wa droni huzieleza hapa Kisumu, kutoka gatini mpaka draidoki, pale meli inapotolewa majini itengenezwe. Tafuta dalili yako, zingine ruka.

Inaona kutu kila mahali

Hii ndiyo malalamiko namba moja. Umepakia picha za ubavu wa meli, zinarudi zimejaa maboksi ya kuonyesha kutu kila kona mpaka bati halionekani. Kabla ya kulaumu mtu uliza hiyo meli imepakwa nini. Praima ya redi oksaidi, ile rangi nyekundu ya kwanza ya kukinga chuma, inafanana na kutu rangi kwa rangi, na chini ya mstari wa maji meli nyingi zimepakwa nyekundu iliyokolea. Modeli ikijifunza rangi peke yake haina njia ya kujua hii ni kinga na ile ni ugonjwa.

Sababu ya pili ni ya kwetu kabisa. Ghuba ya Winam ni ya matope, mito ya Nyando na Sondu inamwaga udongo humo hasa mvua ya masika ikishika, na meli ikikaa gatini inavaa mkanda wa kahawia pale maji yanapogusa, juu yake utelezi wa kijani, na gugu maji likijisugua hapo halafu likauke linaacha doa ambalo hata mtu mzima kwa picha atasema ni kutu. Kipimo chake ni rahisi: chukua kitambaa kimelowa, pangusa mahali padogo. Ikitoka ni matope. Ikibaki na kitambaa kikawa cha rangi ya chungwa, hiyo ni kutu kweli. Ukiona doa ni nyingi, tafuta ile mashine ya kar wosh muoshe kwanza, mngoje bati likauke ndio mpige, juu bati lenye maji linarudisha mwanga kwa kamera na hapo umehama kutoka shida moja kwenda nyingine.

Ya tatu ni machozi ya kutu. Bolti moja juu imeoza, mvua inashusha mchirizi mita mbili chini, na modeli inafunga boksi mchirizi wote kana kwamba bati lote limekwisha. Dawa ni kwa leibo, yale majina unayowekea picha za kufundishia modeli: kutu yenyewe ipewe jina lake, mchirizi upewe jina lake. Ukizichanganya kwa folda moja hakuna siku itajifunza. Halafu weka picha nyingi za rangi nyekundu nzima, safi, zisizo na leibo yoyote, na zitoke kwa meli ileile unayokagua kama inawezekana. Hapo kengele za uongo zinashuka haraka kuliko kuongeza picha za kutu, na watu hawapendi kusikia hivyo, kila mtu anataka kukusanya kutu.

Kutu halisi ina mapele, magamba, kingo za rangi zimeinuka. Hiyo inaonekana taa ikitoka ubavuni. Taa ikiwa moja kwa moja mbele kila kitu kinalala flati na kinabaki rangi tu, basi unarudi pale pale.

Ufa uko, fundi ameuona kwa macho, modeli haijauona

Hapa tukae kidogo kwa sababu ndipo hatari iko. Kutu inakupa muda, ufa unaweza usikupe.

Chukua kalamu tupige hesabu. Kamera ya kawaida ya droni inatoa picha yenye upana wa pikseli 4000. Lenzi zake ni pana, ukisimama mita 1 kutoka kwa bati inashika upana wa kama mita 1.6. Gawanya: kila pikseli ni milimita 0.4. Ukirudi mita 3, juu rubani anaogopa kugonga, pikseli moja inakuwa milimita 1.2. Sasa ufa mchanga wa bati unaweza kuwa na upana wa milimita 0.2 ama 0.3. Hauko kwa picha. Hakuna modeli, hata ya bei gani, itaona kitu ambacho kamera haikurekodi. Ukitaka ufa wa namna hiyo ushikwe na angalau pikseli mbili tatu, unataka milimita 0.1 kwa pikseli, maana yake picha moja ishike sentimita 40 tu za bati. Ama usogee karibu sana, ama utumie lenzi ya kuvuta. Ndio maana masaveya wa klasi, yaani wakaguzi wa yale mashirika yanayothibitisha ubora wa meli, ukaguzi wa karibu wanauhesabu kuwa ni ule mkono unaweza kufika, na droni ikitaka kuchukua nafasi ya huo mkono lazima ilete picha yenye ukali wa kulingana.

Sawa, tuseme picha ni nzuri. Bado inakosa. Angalia programu inafanya nini na picha kabla ya kuisoma. Modeli nyingi za familia ya YOLO, aina inayotumika sana kutafuta vitu kwa picha, kwa mpangilio wa kawaida zinabana picha mpaka pikseli 640. Kutoka 4000 kwenda 640 ni kupunguza mara 6 na robo, ile milimita 0.4 yako inakuwa 2.5 na ufa umezikwa. Hakuna kitu imekuonya, hakuna erro, inakuambia tu hakuna kasoro. Usibane, kata. Picha ya 4000 kwa 3000 ikikatwa vipande vya 640 vinavyopandana kidogo inatoa kama vipande 48, kila kimoja kinasomwa kivyake halafu majibu yanaunganishwa. Ni polepole, laptopu itapiga kelele, lakini ndio njia. Ule mpandano usiuache, ufa ukianguka pale mpakani kila kipande kinaona nusu na vyote vinakaa kimya.

Kuna ukungu wa mwendo pia. Droni inatembea nusu mita kwa sekunde, hiyo ni polepole sana kwa macho, lakini shata, ule muda kamera inabaki wazi ikipiga, ikiwa 1/50 ya sekunde bati linapita milimita 10 mbele ya kamera picha ikipigwa. Kwa 1/1000 ni nusu milimita, na hata hiyo kwa ufa ni nyingi. Basi simama, piga, songa. Video ya kupitia kwa haraka ni ya kuonyesha tajiri mwenye meli, si ya kutafuta nyufa. Na shata usiiache otomatiki, kamera ikiona giza inapunguza kasi yenyewe bila kukuuliza.

Mwisho kwa hii, usitafute ufa meli nzima kwa bidii sawa. Nyufa zina makao yake: kona za mlango wa ngama, pale mizigo inapowekwa, kona za madirisha na milango iliyokatwa kwa bati, mwisho wa mstari wa kuchomelea, ncha za vile vipande vya pembetatu vinavyoshikilia fremu, zile mbavu za chuma za meli, karibu na kitako cha injini ambapo mtetemo haukomi, na kwa feri za kupakia magari kama zile za Luanda K'Otieno na Mbita, bawaba za rampu na bati lililo karibu nazo. Hapo piga picha za karibu, taa kutoka pande mbili tofauti. Kwingine pita.

Inaona nyufa ambazo hazipo

Kinyume chake, na ukweli ni afadhali hii kuliko ya juu. Vitu vinavyoidanganya: mstari wa kuchomelea, mkwaruzo wa kamba ya kufungia, kivuli cha ngazi, nyaya, namba za kina cha maji zilizochongwa kwa bati, rangi iliyopasuka juu juu huku chuma chini ni kizima. Meli ya kubeba mabehewa kama MV Uhuru, ambayo ni ya miaka ya 1960, ina reli kwenye deki, na mistari mirefu myeusi iliyonyooka ni chakula cha kengele za uongo. Zile za zamani zaidi za mvuke zilifungwa kwa ribiti, ile misumari minene ya chuma, na vichwa vya ribiti modeli inaviita mashimo ya kutu.

Ufa wa chuma huwa haunyooki sana, unaanza mahali penye mkazo, na mara nyingi unatoa mstari mwembamba wa kutu unaotokwa kama jasho. Rangi iliyopasuka inafanya mtandao, haina mwelekeo. Lakini usibishane na picha kutwa nzima. Weka alama kwa chaki, fundi akwangue rangi, mpulize ile rangi nyekundu ya kupenya, mpanguse, mpake nyeupe, na kama ufa upo utajichora wenyewe. Hiyo kazi ni ya muda mfupi na vifaa vyake ni makopo matatu.

Kwa ule mpangilio wa kiwango cha uhakika, yaani modeli iwe na uhakika kiasi gani, kati ya 0 na 1, ndio iweke alama, usitumie kimoja kwa kila kitu. Nyufa wekea chini, hata 0.15, ukubali takataka nyingi ambazo mtu atazipitia. Kutu weka juu.

Ndani ya tenki picha ni nyeupe, ama ni kama kuna theluji

Theluji haiko Kisumu. Ni vumbi. Mapanga ya droni yanapuliza magamba ya kutu na udongo mkavu, na taa ikiwa imefungwa karibu na lenzi kila chembe inarudisha mwanga kwa kamera. Sogeza taa mbali na lenzi, iwe pembeni, ama uweke taa ya kusimama pale mlangoni droni iingie na taa yake ikiwa chini. Kama kuna magamba mengi yafagiliwe kwanza.

Picha nyeupe ya ukungu asubuhi ni umande kwenye lenzi. Droni imelala ndani ya gari baridi, tenki lina joto na unyevu, lenzi inashika maji. Iache nje ipate joto robo saa kabla ya kuingia, na ubebe kitambaa.

Halafu kuna hii na sitaiandika kwa mzaha. Tenki lililofungwa huku chuma kinashika kutu, hewa yake inaisha, kwa sababu kutu inakula oksijeni. Hakuna harufu, hakuna dalili, mtu anashuka ngazi na anaanguka. Droni ikikwama chini usimtume kijana aifuate. Fungua, pitisha hewa, pima kwa mashine ya gesi, oksijeni iwe karibu na asilimia 20.9 kama hewa ya nje, kuwe na mtu mlangoni. Droni inanunuliwa nyingine.

Droni yenyewe inayumba, inazunguka, inakataa kutulia

Dira yake imevurugwa na chuma. Usiiwashe wala kuirekebisha dira ukiwa juu ya deki, fanyia mbali kwa ardhi. Karibu na ubavu mrefu wa meli GPS nayo inapata mawimbi yaliyogonga chuma yakarudi, na ndani ya tenki haipo kabisa, kwa hivyo unataka droni inayojishikilia kwa kamera ama leza na iliyo ndani ya kizimba ili ikigonga iendelee. Nje, ruka asubuhi. Mchana upepo wa ziwani unaamka, na jua la hapa saa sita liko utosini, bati la juu linang'aa na la chini ni giza, picha moja ina vyote viwili na hakuna kinachoonekana.

Ruhusa ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Kenya, ni lazima, na uwanja wa ndege wa Kisumu uko hapo karibu sana na bandari, usijaribu bahati.

Ripoti ina kasoro 60, fundi ameenda amepata 14

Kitu kimoja kimehesabiwa mara nne tano. Picha zinapandana, kila moja inaona shimo lilelile na programu inajumlisha tu. Ama mbaya zaidi, kasoro ni za kweli lakini hakuna anayejua ziko wapi, kwa sababu ubavu wa meli wa 23 na wa 24 (hizo fremu) zinafanana kama mapacha na ile programu ya kuunganisha picha nayo imechanganyikiwa, imezibandika moja juu ya nyingine.

Chaki. Sina jibu la kisasa zaidi ya hilo. Andika namba ya fremu kwa kila fremu, kubwa, upande wa kushoto na kulia, kabla ya kurusha chochote. Ama stika za QR zilizochapishwa kwa karatasi ya plastiki ubandike kwa mpangilio, programu izisome yenyewe. Kila mkanda wa picha uanze kwa kupiga hiyo namba. Ukirudi mwaka ujao utaweza kulinganisha ufa uleule, na hapo ndipo hii kazi yote inaleta faida, kujua umekua ama umelala.

Kwa laptopu ni asilimia 97, kwa meli ni bure

Kuna sababu mbili na mara nyingi ziko pamoja. Ya kwanza, kama katika vipande 100 vya picha 97 havina kasoro, modeli inayosema "hakuna kitu" siku nzima inapata 97. Usiulize imepata sahihi ngapi, uliza kati ya nyufa zilizokuwepo imeshika ngapi.

Ya pili ni ya ujanja. Umechukua video, umetoa picha, umezichanganya, nyingine za kufundisha na nyingine za kupima. Picha mbili zilizofuatana kwa video ni picha moja. Modeli imefanya mtihani ambao majibu imeshayaona. Gawa kwa meli: meli hizi za kufundisha, meli ile haijaguswa kabisa ni ya kupima. Namba itashuka na utasikia vibaya, lakini sasa ni ya kweli.

Na ujue data umetoa wapi. Miradi mikubwa ya Ulaya ya kukagua meli kwa roboti kama MINOAS, INCASS na ROBINS ilifikiria meli kubwa za baharini, ngama zake na matenki yake. Picha za meli za bahari zimejaa chaza walioganda na chumvi. Ziwa letu ni maji baridi, hao chaza hawako, kutu yenyewe inaenda polepole zaidi, lakini kuna matope na mwani ambao modeli ya kule haijawahi kuuona. Picha mia chache za hapa zilizowekwa leibo na mtu anayejua chuma, si kijana wa kulipwa kwa kipande asiyejua ribiti, zitakusaidia kuliko maelfu ya intaneti.

Asilimia ya kutu inabadilika kila siku ukipiga

Hii inaumiza kwa sababu asilimia ndiyo inaamua. Klasi zinagawa hali ya rangi mara tatu, nzuri, wastani na mbaya, na rangi ikiharibika kwa zaidi ya asilimia 20 ya eneo, ama magamba magumu ya kutu yakifika asilimia 10, hiyo ni mbaya. Sasa ukipiga kwa mshazari, kutu iliyo karibu na kamera inaonekana kubwa na ya mbali ndogo. Piga ukiwa umenyooka na bati, umbali uleule, na eneo la kugawia liwe lilelile, si asilimia ya picha bali asilimia ya bati kati ya fremu mbili. Weka rula ama kadi ya rangi ndani ya picha ya kwanza ya kila kikao, itakuonyesha kama ni kutu imeongezeka ama ni jua tu.

Picha pia haijui unene. Bati linaweza kuwa limepakwa vizuri juu na upande wa ndani limeliwa. Mahali modeli imeweka alama, na sehemu zingine chache ambazo haikuweka, peleka kipima unene cha altrasoniki. Bati la milimita 8 likisoma 6 limepoteza robo, na hapo unaongea na saveya, si na modeli.

Kamera ya chini ya maji haioni kitu

Haina ubovu. Hayo ndiyo maji ya ghuba. Ukiwasha taa zaidi inakuwa kahawia zaidi, sababu ni ileile ya vumbi la tenki. Ukienda mbali kuelekea ziwa lenyewe maji yanakuwa safi kidogo, na siku chache baada ya mvua kubwa usijaribu popote. Kuna ujanja wa kufunga kisanduku cha plastiki chenye maji safi mbele ya lenzi kikigusana na bati, unafanya kazi kwa kipande kidogo, kwa mfano kuangalia mshono mmoja, lakini meli nzima hutamaliza. Subiri ipande draidoki. Ikipanda, piga picha mara mbili: kabla ya kuoshwa na baada, kwa sababu utelezi uliobanduka peke yake mahali fulani unaweza kuonyesha rangi ya chini imeachia.

Nimejaribu kwa boti ya mbao

Wengine wa Dunga, ule ufuo wa wavuvi hapa Kisumu, wameuliza. Modeli ya chuma kwa mbao haifai kitu, itaita kila mstari wa asili wa mbao ufa. Boti zetu zinavuja kwenye maungio, pale pamba imetoka ama bati lililopigiliwa juu limeinuka misumari, na kwa hiyo ndoo moja ya maji inatosha: ivute nchi kavu, mwaga maji ndani, tembea chini ukiangalia inatokea wapi, weka chaki.